Kichwa Huanza Kisogoni

Nyinyi binti zangu mnaosuka huku simu imebanwa kati ya bega na sikio, iwekeni chini kidogo. Sitawachelewesha. Mimi ni Mama Kisogo. Jina la ubatizo ninalo, lakini panda ghorofa yoyote yenye saluni za Wakongo hapa katikati ya Durban uulize jina hilo, watakutazama tu. Uliza Mama Kisogo, utaonyeshwa hata kiti nilichokuwa nakalia, ingawa siku hizi anakikalia mwingine na mto wake ameshauharibu.

Jina nililipata kwa sababu ya ukali wangu juu ya jambo moja. Kila msichana aliyepita mikononi mwangu nilimwambia kwamba kichwa huanza kisogoni. Unaanza nyuma, chini kabisa, pale shingo inapokutana na nywele. Unapanda taratibu mpaka utosini, unakuja pembeni kwenye panja, na nywele za mbele unaziacha ziwe za mwisho. Aliyeanza mbele nilimgonga kidole kwa mpini wa kichana. Msinikunjie uso, nilikuwa nagonga kwa kukumbusha tu, na wote wana vidole vyao mpaka leo.

Sisi wasusi hatufanyiwi sherehe ya kustaafu. Hakuna keki, hakuna saa ya ukutani. Vidole ndivyo vinavyokustaafisha. Vyangu vilianza kuvimba kwenye maungio majira ya baridi, nikavipaka dawa ya Kichina, nikavipaka mafuta ya mawese, nikaviombea. Halafu mchana mmoja nikawa namsukia mteja rasta nyembamba, nikashindwa kuvuta unywele mmoja kutoka katika kundi. Mteja hakugundua. Mimi niligundua. Nilimaliza kichwa kile kwa kujikaza, nikakunja aproni, nikaaga.

Nitasema wazi kwamba niliumia. Nilikaa nyumbani, katika flati yetu ya Albert Park, nikawa natazama barabarani kupitia dirishani. Kutoka juu kule huoni sura za watu, unaona vichwa tu, na mimi nikawa navikagua kimoja kimoja. Huyu kasukwa kwa haraka. Huyu atalala na maumivu. Huyu angekuja kwangu. Kisha nakumbuka kwamba hakuna wa kuja kwangu tena, najisikia kama ungo uliotoboka, ambao watu wanauacha ukutani kwa sababu wanaona haya kuutupa.

Lakini sikuja kuwalilia. Nimekuja kuwaeleza habari ya Espe.

Espe ni mtoto wa kaka yangu, jina lake kamili Espérance. Alikuja kutoka Uvira akiwa msichana mkubwa tayari, anakaa kwangu, ananiita Tantine, yaani shangazi. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, akiwa na ubao wa picha za misuko, akiwaita wanawake wapande juu kwenye saluni ya mtu mwingine. Siku wateja wakijaa alikuwa anaitwa ndani asaidie kuchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto, wakipungua anarudishwa juani. Kusuka alijua. Nilikuwa namfundisha mwenyewe jioni, naye kila mara anaweka kichana mbele, namgonga, anakirudisha nyuma.

Sasa Alhamisi moja akarudi na habari. Kuna mama wa Kitanzania, anaitwa Dada Salma, amefungua saluni South Beach, karibu na zile ghorofa zinazotazama bahari. Anatafuta msusi mmoja wa kudumu. Alimwona Espe pale kwenye roboti akimrekebishia rafiki yake nywele, akamwambia aje Jumamosi aonyeshe mkono. Akifaa, kiti ni chake. Kiti chake mwenyewe, ndani, kivulini, chenye kioo.

Nilifurahi mpaka nikasimama. Yeye alikuwa anaosha sombe, majani ya mihogo, kimya kimya, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Nikamwuliza atavaa nini Jumamosi. Akasema hataenda.

"Ataniuliza nimesomea wapi," akasema. "Ataniuliza nimefanya kazi wapi. Nitasema nini? Nimeshika ubao? Mimi sina kitu, Tantine."

Wanangu, nilikasirika sana, na kilichonikasirisha ni kwamba neno hilo nilikuwa nalijua. Niliwahi kulisema mimi, kwa sauti ile ile, nikiwa nimesimama mbele ya Mama Béa.

Mama Béa alikuwa mwanamke wa Lubumbashi, mnene, mwenye sauti ya kushusha ndege, na saluni yake ndiyo iliyonilea hapa mjini. Nilipofika kwake mara ya kwanza nilikuwa na gauni moja zuri na njaa. Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwa, akauliza ninajua nini. Nikasema sijui kitu.

"Bon," akasema. "Asiyejua kitu anafumua."

Kwa nini nilijibu hivyo? Hata leo najiuliza, maana utoto wangu wote nilikuwa namsuka bibi yangu. Bibi alikuwa mwanamke wa milimani, juu ya Uvira, wale wanaobeba mzigo mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Alibeba mihogo, kuni, makaa na wajukuu. Mkanda ule ulimla nywele za mbele, ukamwachia alama ya kung'aa kutoka panja hadi panja, na ngozi yenyewe ikawa nyepesi, haitaki kuguswa. Nilimsuka kwa uzi mweusi, yeye ameketi chini, mimi nimeketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Kabla sijagusa kichana aliniambia niweke kiganja kizima kichwani mwake na nikae kimya kwanza.

"Mkono usikie kichwa," alikuwa anasema, "kabla kichwa hakijalia."

Kisha ananiambia nianze kisogoni. Huko mbele, alisema, ataniambia mwenyewe akiwa tayari. Wakati mwingine nilisuka nyuma na pembeni zote, yeye anasinzia, anahadithia, anawasema majirani, na mwishowe kabisa ndipo anaposema haya, njoo mbele, taratibu. Nikikaza alinigonga goti kwa mwiko uliokuwa hauko mbali naye kamwe. Nywele zilizokatika alinifanya nizikusanye zote, nizisokote kuwa kidonge, nimpe mkononi. Aliamini ndege akiokota nywele zako akajengee kiota, kichwa kitakuuma mpaka makinda yaruke.

Hayo yote niliyaacha mlangoni kwa Mama Béa, kama mtu anayevua viatu. Nilidhani kazi ni kile kitu chenye cheti na kioo. Kumsuka bibi, hiyo nani anaiita kazi?

Basi nikafumua. Nyinyi wa leo mnaona kufumua ni adhabu, mnampa mgeni asiye na jina. Mdharau mwiba mguu huota tende. Ukifumua unasoma mkono wa aliyekutangulia. Unajua huyu msusi alikuwa na haraka, huyu alikuwa na hasira, huyu alichoka alipofika upande wa kushoto akaanza kusuka misuko minene ili amalize. Unaona mahali nywele zimekatika na kwa nini. Mtu aliyefumua vichwa vingi hawezi kumkaza mteja, kwa sababu ameona kinachobaki. Pale saluni tulikuwa na mwenzetu Chantal, msusi mwepesi kuliko wote, ambaye hakuwahi kufumua hata kichwa kimoja. Chantal alimsuka mwimbaji wa kwaya akamkaza mpaka mama wa watu akashindwa kufumba macho. Jumapili akaimba macho yamemtoka, waumini wakaguswa sana, wengine wakalia. Jumatatu alikuja kwetu kufumuliwa akiwa na hasira ambayo si ya kikristo.

Siku iliyonibadilisha ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Alikuja mama mmoja wa Kizulu, MaDlamini, aliyekuwa anauza matunda huko chini mtaani. Nikapewa nimfumue. Alikuwa na nywele za mvi zilizochanganyika na rangi nyekundu ya zamani, na zilikuwa zinakatika nikichana. Sheria ya Mama Béa ilikuwa nywele zisikae sakafuni hata dakika, zifagiliwe, ziingie kwenye pipa, saluni ing'ae. Mimi mikono yangu ikafanya ilivyozoea. Kila kilichotoka kwenye kichana nikakisokota, kidonge kikakua, nikakitia kwenye mfuko wa aproni bila hata kufikiri. Mama Béa akaniona. Akanisema mbele ya watu wote, kwamba nakusanya uchafu wa wateja mfukoni, quand même, kwetu hatukulelewa?

Nilitaka ardhi ipasuke.

Chantal akamsuka MaDlamini, akamaliza, akampa kioo atazame. MaDlamini akajitazama, akaridhika, lakini hakuinuka. Akasema jambo kwa Kizulu, Mama Béa hakuelewa, akarudia kwa sauti ya juu zaidi. Chantal ndiye aliyejua lugha, akageuka, uso umembadilika. Akasema mama anataka nywele zake. Zile zilizotoka. Hawezi kutoka humu akaziacha, nywele za mtu hazilali nyumba ya wageni.

Wote tukatazama pipa. Mle ndani zilikuwa zimelala nywele za mji mzima.

Nikakumbuka mfuko wangu. Nilikitoa kile kidonge, chenye mvi na wekundu wake, nikampa. Akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakijua. Kisha akaketi tena, akamwambia Chantal aniulize nani alinifundisha. Nikasema hakuna. Chantal akatafsiri. MaDlamini akacheka, akasema basi huyo Hakuna alikulea vizuri, mpelekee salamu zangu.

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikamwambia Chantal afute jibu langu. Mwambie ni bibi yangu, nikasema. Anaitwa Nabintu, wa milimani, juu ya Uvira. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake mahali pa kazi. Tangu siku ile MaDlamini alikuwa hataki mkono mwingine, na Mama Béa, ambaye hakuwa mtu wa kuomba radhi, aliweka karatasi safi kando ya kila kioo za kufungia nywele za wateja. Ukimwuliza, atakuambia ni wazo lake.

Hiyo ndiyo habari niliyompa Espe ile Alhamisi jikoni, nikiwa nimemwinulia kidole. Nilidhani nimemaliza maneno. Yeye akachuja sombe yake, akasema kwa upole kwamba mimi nilikuwa na bibi. Yeye hakuwa na bibi wa kumfundisha.

Nikamwuliza, mama yake alipokuwa anavuka kwenda Bujumbura kuchuuza, anakaa huko siku nyingi, nani alikuwa anawasuka wadogo zake?

"Ni miye," akasema.

"Wote?"

"Wote. Kila siku ya yenga, mbele ya kwenda kanisa. Vumilia alikuwa analia sana, ilibidi nimfukuze uwanja mzima." Kwetu Uvira yenga ni Jumapili, na ndiyo husemwa njo. Akatabasamu kidogo, kisha akaliacha tabasamu lianguke. "Ile haikuwa kazi, Tantine. Ile ni maisha tu."

Nilimwambia aongeze chumvi. Lakini Ijumaa nilipiga pasi blauzi yake nyeupe kwa mikono hii mibovu, nikaitundika mlangoni mahali ambapo hawezi kutoka bila kugongana nayo. Jumamosi asubuhi akaivaa. Nikachukua mkoba wangu, nikamfuata.

Tulitembea mpaka South Beach. Njiani nilimrudishia somo mpaka akachoka. Kisogoni. Usikaze panja. Usimsukie mtu na roho iko mbio. Kisogoni, Espe. Alikuwa anaitikia tu ndiyo Tantine, sawa Tantine, huku anafuta viganja kwenye sketi.

Dada Salma alitupokea vizuri. Ni mwenyeji wa Tanga, mwembamba, ana baibui jeusi na miwani ya kamba. Alinisalimu shikamoo, akanipa kiti karibu na dirisha, akaniletea chai yenye iliki. Saluni ilikuwa imejaa wanawake na watoto, maana Jumamosi ndiyo siku ya vichwa vya shule. Akamwambia Espe asubiri, atampa kichwa cha wastani, cha mtu mzima mpole.

Mungu ana mipango yake. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja wa Kizulu akiwa amemshika mkono binti yake, mtoto wa kama darasa la kwanza. Mtoto alikuwa analia tangu ngazini. Hajaguswa, analia. Amekishika kichwa chake kwa mikono yote miwili kama mtu anayelinda kikapu cha mayai sokoni. Mama yake akaeleza kwamba saluni waliyoenda mwanzo ilimkaza, akalala siku mbili na homa, na sasa hataki hata kuona kichana, na Jumatatu shule inataka nywele nadhifu. Wasusi wa pale wakainamisha vichwa, kila mmoja akawa na kazi nyingi ghafla. Hakuna anayependa kichwa cha mtoto anayelia. Unapoteza asubuhi nzima, na mtaa mzima unadhani unachinja.

Espe akainuka. Sijui nani alimsukuma. Akasema yeye atamchukua.

Nilishika kikombe changu. Nikamtumia maneno kwa macho: kiganja kwanza, kisha kisogo. Akanipa mgongo.

Hakumkalisha mtoto kwenye kiti cha juu. Alikaa sakafuni mwenyewe, miguu ameinyoosha, akamwacha mtoto asimame anapotaka. Akamwomba Dada Salma bakuli la shanga, zile kubwa za plastiki. Akalitikisa, likalia. Mtoto akafungua jicho moja. Espe akamwambia kwa Kizulu chake cha barabarani achague moja, moja tu. Ilichukua muda. Mtoto akachagua ya zambarau. Sasa Espe akaweka kiganja kizima kichwani mwa mtoto, akakiacha pale, hafanyi lolote. Mtoto akashusha mabega.

Nikasema moyoni, vizuri sana, sasa kisogo.

Akaenda mbele.

Wanangu, akaenda mbele kabisa, katikati ya paji la uso, akachukua kijishungi kidogo akaanza kukisuka huku mtoto anamtazama machoni. Nilisimama nusu. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Miaka yote ile, vidole vyote nilivyogonga, na binti wa kaka yangu mwenyewe anaanza mbele, siku ya mtihani, mbele ya mama wa Tanga. Nikaona kiti kinaondoka, ubao unarudi, roboti, jua.

Sijui kilichonikalisha. Labda ni chai, niliogopa kuimwaga. Nikaketi, nikafumba mdomo, na niwaambie, katika kazi zote nilizowahi kufanya saluni, kufumba mdomo pale ndiko kulikokuwa kugumu kuliko zote.

Ule msuko mmoja ulipokwisha akatia ile shanga ya zambarau nchani, akauachia uning'inie mbele ya pua ya mtoto.

"Bheka," akamwambia. Tazama.

Mtoto akatazama juu, macho yakakutana katikati. Akatikisa kichwa, shanga ikampiga puani. Akacheka na machozi yangali mashavuni. Espe akamwambia akitulia atapata ya pili, ili zigongane zilie. Mtoto akachagua ya kijani, akaketi mwenyewe katikati ya miguu yake, akatulia. Ndivyo kichwa kizima kilivyokwenda, kutoka mbele kuelekea nyuma, shanga baada ya shanga, na alipofika kisogoni mtoto alikuwa amesinzia akimlalia goti.

Ndipo nilipoelewa, nikiwa na kikombe kilichopoa mkononi. Kisogo changu, sheria yangu iliyonipa jina mji mzima, haikuwa sheria ya vichwa. Ilikuwa kichwa cha bibi Nabintu. Yeye ndiye aliyekuwa anaumwa mbele kwa sababu ya mkanda wa mzigo, na mimi nikachukua kovu la mwanamke mmoja nikalifanya sheria ya Durban nzima. Ilinifaa, sikatai. Vichwa vingi vimepona kwa ajili yake. Lakini Espe hakumsuka bibi. Espe alimsuka Vumilia, mtoto mwenye hofu, na mtoto mwenye hofu anataka kuona kwanza. Nilijisikia furaha ambayo sikuitegemea, na aibu kidogo, na furaha ilikuwa kubwa zaidi.

Mama wa mtoto alipoondoka, amembeba binti yake na shanga zinalia ngazini, Dada Salma akavua miwani.

"Mbinu hiyo ya kuanzia mbele sijaiona," akasema. "Umejifunzia wapi, mwanangu?"

Espe alikuwa anaokota nywele za yule mtoto kutoka kwenye sketi yake. Nililiona lile neno, sina kitu, likimjia. Nilijua linavyopanda, nilijua ladha yake. Akanitazama, nami sikumfanyia ishara yoyote, maana hili halikuwa langu kulisema.

"Kwetu, Uvira," akasema. "Niko na wadogo wane. Mama alikuwa anasafiri, ni miye nilikuwa nabasuka kila siku ya yenga. Mudogo wangu moja alikuwa anaogopa, nilimufungia kifungo ya shati kwa nywele ya mbele, asikie inalia. Njo pale nilijifunza." Akaziweka zile nywele kiganjani. "Nilisuka miaka mingi, Dada. Ni kazi naijua."

Dada Salma akasema saluni Jumatatu inafungwa. Aje Jumanne, na aje na hizo shanga kichwani, maana wazazi wa shule watazitaka.

Wanangu, sina la zaidi la kuwafundisha kuhusu kuchovya ncha na kugawa mistari, hayo mtayaona kwenye simu, na picha zake ni nzuri, ingawa aliyepigwa picha siku zote ana kichwa ambacho si cha mteja wako. Ninalowaomba ni hili. Mkiulizwa mnajua nini, msikimbilie kusema hakuna. Nyamazeni kwanza. Mlimpikia nani? Mlimbembeleza nani? Mlimbeba nani mgongoni huku mnachota maji? Hayo mnayoyaita maisha tu, ukiona vyaelea vimeundwa, na ninyi ndio mlioviunda, mkiwa wadogo, bila mtu wa kupiga makofi.

Kinyozi hajinyoi, na msusi mwenye vidole vibovu hajisuki. Jumapili baada ya kanisa nilimwomba Espe anifanyie kichwa changu, kilikuwa kimekaa muda mrefu chini ya kitambaa. Nikaketi chini kwenye mkeka, yeye kwenye kiti nyuma yangu, dirisha liko wazi, majirani wa chini wamefungulia muziki wa dini. Akachukua kichana, akauliza kwa uchokozi ninaojua ameurithi kwangu.

"Tantine, tuanze wapi?"

Jibu langu la miaka yote lilikuja lenyewe mpaka mlangoni. Nikalirudisha. Nikamwambia aanzie anapopajua.

Aliweka kiganja kizima kichwani mwangu, kikakaa. Kikatembea polepole kwenye paji, kikapita kwenye panja la kushoto na la kulia, kikasimama kidogo, kikaondoka huko, kikateremka. Kisha nikasikia ncha ya kichana ikigawa nywele za kisogoni.

Nikamwuliza kwa nini amekwenda huko, mbona nimemwachia huru.

"Huku njo hakuumi," akasema.

Mapanja yangu yamekuwa yakiniuma tangu mwaka niliokunja aproni. Sikuwahi kumwambia mtu.